Kilichosemwa Kibandani

Bwana Laini alirudi nyumbani saa saba mchana, saa ambayo kwa desturi huwa anazozana na wateja. Akapitiliza hadi jikoni, akamnyang'anya mkewe kisu cha kumenyea viazi.

"Kaa kwanza," alisema. "Habari hii haisikilizwi na mtu aliyeshika kisu."

"Umeshinda bahati nasibu au umefilisika?"

"Minara anauza duka."

Kicheko kilichokuwa njiani kikamfia mkewe kooni.

Mji mzima ulimwita Laini kwa sababu ya biashara yake: aliuza laini za simu za nchi ya ng'ambo. Mji wao ulikuwa kando ya mto, na kati yao na nchi jirani kulikuwa na daraja moja tu. Mtu wa upande huu akimpigia ndugu yake wa upande ule kwa laini ya nyumbani, vocha ya wiki ilikwisha kabla hajamaliza kuulizia hali za watoto. Kwa hiyo kila mwenye mkwe, mteja au mdeni ng'ambo alinunua laini ya huko, maana mawimbi ya simu yalivuka mto bila kuulizwa pasipoti. Kwa miaka tisa Laini alizichuuza laini hizo kwenye korido, kati ya kinyozi na duka la dawa, juu ya meza nyembamba kama ubao wa kupigia pasi. Minara, aliyeitwa hivyo kwa urefu wake, ndiye aliyekuwa na duka hasa, pale mwanzo wa daraja, na leseni ya jumla. Hakuna laini ya ng'ambo iliyouzwa mjini bila kupita kwanza mikononi mwake.

"Anauza vyote," Laini aliendelea, akitembea jikoni hatua tatu kwenda na tatu kurudi, maana jiko halikuwa na hatua ya nne. "Duka, leseni, makabati na shehena yote ya laini, maboksi mpaka darini. Anasema magoti yamemchosha, anataka akafuge kuku. Na amenifikiria mimi kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Anataka nini?"

"Kiwanja chetu."

Kile kiwanja walikinunua wote wawili, kidogo kidogo, kwa miaka saba, na hati ilikuwa na majina yao yote mawili. Msingi wa vyumba viwili ulikuwa umeshachimbwa.

"Tusubiri," mkewe akasema.

"Tusubiri nini? Anataka jibu Ijumaa."

"Mbona haraka hivyo? Kuku wanamlilia?"

Laini alicheka, kisha akasita. Akamtazama. "Au huko kwenu kuna neno? Umesikia kitu?"

Mkewe alikuwa mkalimani. Nchi sita za eneo lile zilikuwa na Jumuiya yao, na makao yake yalikuwa katika mji huu mdogo wa mpakani kwa sababu moja tu, kwamba kila nchi ilikataa yawe katika mji mkuu wa mwenzake. Jumuiya ilipokutana, yeye alikaa kibandani nyuma ya kioo, hedifoni masikioni, akiyageuza maneno ya wajumbe kuwa Kiswahili papo hapo, nusu saa yake, nusu saa ya mwenzake. Kabla ya kila kikao cha faragha alitia saini kiapo kwamba hatamwambia mtu alichokisikia, awe mzazi, mtoto au mwenzi wa ndoa. Adhabu yake ilikuwa kifungo. Lakini hakuogopa kifungo kama alivyoogopa mfano wa mkalimani aliyemtangulia, ambaye alimdokezea binamu yake habari za ushuru wa saruji. Siku hizi alifundisha twisheni watoto wa darasa la nne, na akipita barabarani watu walionyeshana yeye kwa videvu.

Na siku moja kabla ya ile siku ya viazi, wajumbe wa mawasiliano na biashara walikuwa wamekubaliana kwamba simu zote kati ya nchi sita zitatozwa kama simu za nyumbani. Tena, laini ya nchi moja haitauzwa katika nchi nyingine, na zote zilizokwisha kuuzwa kwa njia hiyo zitafungwa. Utekelezaji baada ya miezi kumi na minane. Maneno yale aliyasema yeye, kwa sauti yake, katika masikio ya watu arobaini. Alipofika kwenye "zitafungwa" alibonyeza kitufe cha kuzima kipaza sauti, akameza mate, akakiwasha tena, na hakupoteza hata sentensi moja.

"Mimi huko ni bomba tu," alimjibu mumewe. "Maji yanapita."

"Basi, bomba, niambie kama maji ni machafu."

"Sijui kitu, baba watoto."

Katika miaka kumi na sita ya ndoa alikuwa amemdanganya kuhusu bei za vitambaa tu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kumwona Katibu wa Jumuiya. Alikuwa mzee mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu kila akizungumza na mtu, kana kwamba ndizo zilizoomba miadi.

"Mheshimiwa, nadhani kuna mtu ametoa habari za kikao cha Jumanne."

Kalamu zikasimama. "Nani?"

"Simjui. Ila kuna mfanyabiashara anataka kuachia shehena yake yote kwa ghafla. Na anamtaka mume wangu aichukue."

Hakulitaja jina la Naibu Katibu. Mji mzima ulijua kwamba Naibu Katibu amemwoa dada yake Minara, lakini kujua si ushahidi.

"Mama," Katibu alisema taratibu, "mkalimani akija kuniambia kwamba siri imevuja, unajua mtu wa kwanza kuchunguzwa ni nani? Ni mwenye masikio. Rudi kazini. Huyu mfanyabiashara hukumsikia, na mimi sikukusikia."

"Niruhusu basi nimwambie mume wangu jambo moja tu. Asinunue."

"Hilo jambo moja ndilo lenyewe." Akaisogeza kalamu ndefu kando ya fupi. "Isitoshe, umesahau muda. Miezi kumi na minane, mama! Mfanyabiashara mjanja huuza shehena mara tatu katika muda huo. Mwache mumeo afanye biashara."

Ile miezi kumi na minane aliishika kama mtu anayeteleza anavyoshika jani. Njiani kurudi alipiga hesabu kichwani: maboksi mangapi kwa mwezi, wateja wangapi kwa siku. Hesabu ilikubali. Aliirudia mara nyingi, akaharakisha kila alipokaribia mahali ilipotaka kukataa.

Ijumaa Minara aliinama kuingia mlangoni kwao, kama alivyoinama katika kila mlango wa mji ule. Alikuja na karani wa mwanasheria, bahasha ya karatasi, na pakiti ya biskuti kwa ajili ya mama yake Laini, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Mama mkwe huyo alikuwa haoni vizuri lakini hakupitwa na neno.

Mkalimani alileta chai. Mikono yake ilikuwa imetulia, maana kazi yake ilimfundisha kutotetemeka mbele za watu.

"Shemeji," Minara alisema, akikoroga sukari, "nasikia Jumuiya imewatumikisha sana wiki hii."

"Tumefanya kazi."

"Kazi ya heshima hiyo. Mimi huwaambia watu, katika mji huu mdomo wenye kufuli ni mmoja tu, wa shemeji yangu huyu. Hata umtekenye, hafungui." Akacheka, akaendelea kumtazama mpaka sukari yote ikayeyuka.

Hapo ndipo mkalimani alipoelewa. Mtu huyu alijua. Tena alijua kwamba na yeye anajua. Alikuja kumuibia mumewe mbele ya shahidi, kwa sababu shahidi mwenyewe alikuwa amekwishafungwa mdomo na serikali sita.

"Kwa nini unauza duka linalolipa, shemeji?" akamuuliza.

"Magoti."

"Mwezi uliopita nilikuona juu ya ngazi ukibandika bango."

"Mama watoto!" Laini alikohoa kwa aibu. Kwake mgeni akiwa amekaa, swali la namna ile lilikuwa sawa na kumwagiwa maji.

"Mwache aulize," Minara akasema. "Mwenye mali lazima aulize. Shemeji, kama una sababu ya kumzuia mumeo, itaje. Sote tupo. Hata karani yupo, ataiandika."

Karani aliinua kalamu kweli, kwa mazoea tu. Mkalimani aliliona neno likiwa tayari limekaa ulimini, fupi, la Kiswahili safi. Akawaona pia binti zake wawili walioko shule ya bweni, ambao karo yao ilitoka kwenye mkataba wake na si kwenye meza ya koridoni.

"Sema, mwanangu," mama mkwe alihimiza, biskuti mkononi. "Au ni wivu? Wanawake wengine humpenda mume akiwa chini, ili asitazamwe na wengi."

"Si wivu, mama."

"Basi mwachie mwanangu naye akae kwenye kiti chenye mgongo. Miaka tisa anakalia stuli."

Laini alikuwa anamtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba, na hilo ndilo lililomshinda. Kumi na minane, akajiambia. Kumi na minane ni mingi. Kalamu ya karani ilikuwa inagoma kutoa wino, mkalimani akalazimika kutia saini yake mara mbili.

Wiki sita zilizofuata zilikuwa za furaha ambayo mkalimani aliila kama chakula cha msiba. Laini alipaka duka rangi ya kijani. Alinunua kiti chenye mgongo, na siku ya kwanza alimpeleka mama yake akakikalie yeye kwanza. Alianza kuvaa saa. Wachuuzi wa koridoni waliokuwa wakimwita "Laini wewe" sasa walimwita "Bosi," nusu kwa mzaha, nusu kwa kutaka mzigo wa kukopa.

"Punguza bei," mkewe alimwambia kila wiki. "Uza upesi upesi."

"Upesi wa nini? Laini si nyanya. Hazioni jua zikaoza."

"Mtaji uliolala ni hasara."

"Wewe umeanza lini kujua mtaji?" alimtania, akamfinya shavu. "Rudi kwenye bomba lako."

Jumamosi moja asubuhi mkalimani alikuwa dukani akimsaidia kupanga vocha. Kulikuwa na wateja watano. Televisheni ya ukutani ilikuwa imewashwa na hakuna aliyeitazama, hadi mtangazaji alipotaja kufungwa kwa laini za ng'ambo. Mawaziri wa nchi sita, alisema, walikutana jana katika nchi nyingine na kuridhia makubaliano ya mawasiliano na biashara. Wananchi wapewe nafuu haraka. Utekelezaji, kwa hiyo, hautasubiri miezi kumi na minane iliyopendekezwa. Utaanza baada ya siku thelathini.

Kikao kile cha mawaziri hakikumhusisha mkalimani wa mji ule. Siku thelathini alizisikia kama alivyozisikia mtu yeyote mwenye televisheni.

Mteja mmoja aliyekuwa ameshalipa akairudisha laini juu ya kaunta, akaisukuma kwa kidole. "Bosi, naomba hela yangu."

Laini hakumsikia. Kwenye kioo zilikuwa zinapita picha za kikao cha kwanza: wajumbe, chupa za maji, bendera ndogo mezani. Kisha kamera ikainuka ukutani na kupita taratibu mbele ya kibanda cha kioo, na ndani ya kibanda akaonekana mwanamke mwenye hedifoni, midomo yake ikienda.

"Si mke wako yule?" mteja mwingine akauliza, akichekelea kwa kumjua mtu wa televisheni. Akamgeukia mkalimani. "Shangazi, ni wewe! Kumbe ulikuwemo!"

Chini ya picha paliandikwa tarehe. Laini aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto anayejifunza namba. Kisha akawarudishia wateja hela zao, mmoja mmoja, kwa adabu, akawasindikiza nje, akashusha mlango wa chuma saa nne asubuhi, jua likiwaka.

"Tarehe kumi na nne," alisema. "Minara alinijia tarehe kumi na saba."

"Baba watoto, nisikilize."

"Pale jikoni nilipokuuliza kama unajua kitu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeapa."

"Sikukuuliza kama uliapa."

"Nilikuwa najua."

Laini akaketi. Hakuketi kwenye kiti chenye mgongo, aliketi juu ya boksi.

"Walisema miezi kumi na minane," mkewe akaanza, maneno yakikimbizana. "Nilipiga hesabu. Kwa muda ule ungeuza zote, ungepata faida, ungehamia bidhaa nyingine. Ndiyo maana nilikuwa nakuhimiza. Ningekwambia ningefungwa. Watoto wangerudishwa nyumbani."

"Ulipiga hesabu." Alitikisa kichwa. "Kiwanja cha wawili, jasho la wawili, hesabu ukaipiga peke yako."

"Ningefungwa, mume wangu!"

"Nani angekushtaki? Mimi? Na kwani ilikuwa lazima uniambie? Ungekataa tu kutia saini. Ungesema 'sitaki' ukanyamaza. Ningekununia mwezi mzima, ningekuita mkorofi mbele ya mama, halafu ningepona."

Mkalimani alikuwa amekesha juu ya maneno yote aliyokatazwa kuyasema, na hakuwahi kuliona lile moja aliloruhusiwa.

Mama mkwe alipoelezwa hakupiga kelele, na mkalimani aliona afadhali angepiga. Aliomba asogezwe karibu na dirisha, akakaa huko akipapasa pindo la shuka.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema baadaye. "Mimi nilidhani kata ni ya nyumba hii."

Siku thelathini zilikwisha. Asubuhi ya thelathini na moja simu za mji zilipiga ng'ambo kwa bei ya nyumbani, na watu walisimama barabarani wakizungumza na mashemeji zao wa ng'ambo kwa furaha, bila kutazama saa. Mbele ya duka la kijani kulikuwa na foleni ya aina nyingine. "Umeniuzia maiti," mama mmoja muuza vitumbua alimwambia Laini, akimwekea laini iliyofungwa kiganjani. "Tena wewe mwenye mke Jumuiya. Ulikuwa unatusafishia shehena, si ndiyo?" Laini alimrudishia fedha yake. Fedha ya kurudisha ilipokwisha, alitoa kile kiti chenye mgongo badala yake.

Alikwenda koridoni kuulizia nafasi yake ya zamani, akakuta imechukuliwa na muuza miwani. Baada ya kuombaomba alipewa nusu ya meza ya mtu, upande wa chooni, akaanza kubadilisha vioo vya simu vilivyopasuka. Wale waliomwita Bosi sasa walimwita Bosi bila mzaha, kwa huruma, na hiyo iliuma zaidi. Minara, kwa upande wake, alikuwa amekiuza kiwanja wiki ileile alipokabidhiwa, na kuagiza simu mpya kutoka nchi jirani, maana makubaliano yaleyale yalikuwa yamefuta ushuru wa simu. Kuku hakuna aliyewaona.

Nyumbani Laini alihamishia nguo zake chumbani kwa mama yake. Alimsalimia mkewe asubuhi, akamuuliza kama kuna chumvi, akamshukuru kwa chakula. Ilikuwa heshima ya mpangaji.

Kisha gazeti likaandika kwamba wapo wafanyabiashara walioachia shehena zao wiki chache kabla ya tangazo, na likauliza nani aliwaambia. Jumuiya iliunda kamati ya watu watatu. Mwenyekiti aliletwa kutoka nje ya Jumuiya. Wa pili alikuwa mwanasheria. Wa tatu alikuwa Naibu Katibu.

Mkalimani alisimamishwa kazi, akaitwa wa kwanza.

"Mume wako anafanya biashara ya laini," mwenyekiti alisema. "Wewe ulikuwa kibandani. Kamati inapata shida kutounganisha mambo haya mawili."

"Yaunganisheni," mkalimani akasema. "Mume wangu hakuuza, mheshimiwa. Alinunua! Kama ningemwambia, angenunua?"

Mwanasheria alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba hoja imemwingia. Ndipo Naibu Katibu aliposogeza kiti mbele. Alikuwa na sauti nzuri, mkalimani aliipenda siku zote kwa kuwa ilikuwa rahisi kuifasiri.

"Labda alimwambia nusu," alisema. "Kikaoni ilitajwa miezi kumi na minane. Mtu mwenye habari hiyo angeona ana nafasi ya kununua kwa bei ya chini na kuuza haraka kabla watu hawajajua. Walichokosea ni tarehe tu. Tunaambiwa mama huyu alikuwa akimhimiza mumewe dukani: uza upesi, uza upesi. Si kweli, mama?"

Ilikuwa karibu sana na kweli. Mkalimani aliwaza kusema: na wewe shemeji yako aliambiwa na nani? Lakini midomo ya watu watatu wale ilikuwa tayari kumuuliza ushahidi.

"Njia ni moja," mwenyekiti alihitimisha. "Mume wako aje aape kwamba hukumwambia chochote, hata kwa ishara. Vinginevyo jalada linakwenda polisi."

Alimkuta Laini koridoni, amebana simu ya mtu kati ya magoti akibandua kioo chake kwa wembe. Kwa mara ya kwanza mkalimani aliona jinsi ile meza ilivyokuwa karibu na mlango wa choo.

"Wanataka uende ukaape," alisema akiwa amesimama, maana hapakuwa na pa kukaa. "Kwamba sikukuambia."

Laini hakuinua uso. "Kwamba hukuniambia."

"Ndiyo."

"Na ni kweli hukuniambia."

"Ndiyo."

Muuza miwani aliyekuwa jirani alijifanya anapangusa miwani ambayo ilikuwa safi tayari.

"Saa ngapi?" Laini akauliza.

"Kesho, saa tatu."

"Haya. Nenda, kioo hiki kikipata vumbi kinaharibika."

Alikuja amevaa ile saa aliyoinunua siku za duka la kijani, na shati alilopiga pasi mwenyewe. Hakumtazama mkewe. Akaapishwa, akaambiwa akae, akasema atasimama.

"Naulizwa kama mke wangu aliniambia," alianza. "Hakuniambia. Nililala naye kitanda kimoja kabla sijatia saini na baada ya kutia saini, hakuniambia. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, 'umesikia kitu?' Akanijibu hajui. Nilimwona anamwaga chai kwa mtu aliyekuja kuninyonga, na mkono wake haukutikisika. Mama yangu alimsihi aseme, hakusema. Ishara hakunipa. Kukonyeza hakunikonyeza. Alitia saini, akaniacha nikaingia."

Mwanasheria alikuwa ameacha kuandika.

"Kama mnatafuta mtu aliyetunza siri yenu," Laini alisema, "ni yule pale. Hakuna mwingine atakayewatunzia hivyo. Mlimwamini vizuri."

Mkalimani aliinamisha kichwa. Maisha yake yote alikuwa ameyabeba maneno ya watu wengine bila kuumia.

"Sasa na mimi niulize," Laini aliendelea. "Kama yeye hakusema, Minara aliambiwa na nani?" Akamgeukia Naibu Katibu, akamsubiri. Naibu Katibu alikuwa ameanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Hilo," mwenyekiti alisema, "liko nje ya hadidu za rejea za kamati hii. Tunakushukuru, bwana. Unaweza kwenda."

Wiki mbili baadaye ilikuja barua yenye nembo ya Jumuiya. Mkalimani alikuwa amesafishwa. Kamati ilipenda kumpongeza kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, na kumrejesha kazini mara moja. Pamoja na barua kulikuwa na ajenda ya kikao kijacho na kiapo kipya cha kutia saini. Kuhusu Naibu Katibu barua haikusema kitu, na baada ya miezi michache alipandishwa cheo akahamishiwa makao ya nchi nyingine.

Mkalimani aliisoma ile ajenda akiwa amesimama uani. Akaisoma tena. Kikao kilihusu vipuri vya simu: vioo, betri, chaji, ushuru gani upande, upi ushuke, kuanzia lini. Aliingia ndani na karatasi mkononi.

Laini alikuwa anafunga begi lake la kazi, tayari kwenda koridoni. Mama mkwe alikuwa dirishani kwake.

"Baba watoto," mkalimani alisema. Sauti yake ilikuwa chini, lakini hakujali nani yupo. "Usiagize vioo sasa. Mwezi ujao wanakaa kuhusu..."

Laini aliinua mkono.

"Nisikilize, tafadhali. Safari hii sitaki wakutangulie. Nitakuambia kila kitu, na tarehe nitaisikiliza mpaka mwisho. Wakinifunga na wanifunge. Wanataka kupunguza..."

"Nyamaza, mama watoto." Alisema bila ukali. Alifunga zipu ya begi, ikakwama, akautoa uzi uliokuwa umeinasa, akaifunga tena. "Nilisimama mbele ya watu wale nikala kiapo. Niliapa kwamba mke wangu haniambii kitu."

Akajitwika begi begani.

"Usinifanye mwongo," alisema, akatoka kwenda kazini.